Nyuzi za Bandia

Violini moja ikilia peke yake utaijua hata ukiwa nusu usingizini. Violini kumi na mbili zikilia pamoja ni kitu kingine. Hakuna wachezaji wawili wanaogonga noti sawasawa kabisa, na kule kupishana kidogo ndiko kunakoifanya sauti iwe laini. Kazi yangu ni kutengeneza huko kupishana bila violini hata moja.

Natumia Vital, sintesaiza ya kompyuta iliyotoka mwaka wa 2020. Toleo lake la msingi ni la bure, na Kayole neno bure tunaliheshimu. Naanza na wimbi la msumeno, maana ndani yake mna sauti nyingi, kama uzi unaokwaruzwa na upinde. Likiwa moja linalia kama nzi kwenye chupa. Nalizidisha yawe saba, kila moja nalisogeza kidogo tu kutoka kwa mwenzake, kisha filta inakata ukali wa juu. Sauti naiacha ipande polepole, kama sekunde moja hivi, na ikiondoka ichukue mbili au tatu, ili kodi moja iyeyukie nyingine. Kodi ya muziki, si ya landilodi. Ile haiyeyuki.

Ujanja huu si mpya. Mwaka wa 1974 kampuni ya Eminent ya Uholanzi ilitoa Solina String Ensemble, kinanda cha kuigiza nyuzi za okestra. Zanzibar, vikundi vya taarab vya zamani kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905, vinajulikana kwa violini zao, lakini taarab ya kisasa imeegemea vinanda vya umeme. Na huku kwetu Eastlands, Korogocho, mradi wa Ghetto Classics ulianza 2008 na watoto wanafundishwa vyombo halisi vya okestra. Hapo ndipo swali linaponibana: nikiuza nyuzi za bandia, namnyang'anya nani sahani?

Swali hilo lilinifikia kupitia kazi. Mama wa ghorofa ya pili alinitumia ujumbe wa sauti wa marehemu mumewe, sekunde 40. Alitaka uchezwe siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, na muziki laini nyuma yake.

"Usimfunike, kijana," aliniambia.

Kutomfunika mtu kuna hesabu yake. Kwenye muziki nilipunguza kila kitu chini ya hezi 200, sauti ya kifua chake ipate nafasi. Halafu nikachimba shimo kati ya hezi 2,000 na 4,000, kwa sababu konsonanti nyingi hukaa huko. Zikifunikwa, maneno yanageuka uji. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na honi ya matatu na makanga akiita abiria. Nikamuuliza Mama kama niitoe.

"Hiyo wacha. Alikuwa anakuja nyumbani."

Kijana wa ploti ya nyuma, anayecheza violini kwenye harusi, alisikiliza kazi yangu akacheka. "Buda, hawa watu wako hawapumui."

Alikuwa sahihi. Upinde una mwisho. Mchezaji lazima augeuze, na hapo sauti inashtuka kidogo. Basi akaja na violini yake usiku, fundi wa chini akiwa ameshazima mashine ya kuchomelea, tukarekodi mstari mmoja. Nikauweka chini chini juu ya zile nyuzi za uongo. Kundi zima likaanza kupumua. Malipo yalikuwa 2,000, tukagawana nusu kwa nusu. Siku hizi kila kazi ya nyuzi nahesabu bei ya watu wawili, na mteja akilia ni ghali, namchezea zote mbili achague.

Mama hakuuliza violini zilikuwa ngapi. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta simu kwa leso, akasema, "Rudisha pale anaposema amefika stage."