Nyama ya Kuvumbika

Katika zoezi moja la tafsiri tulipewa maneno ya Kifaransa yanayotaja nyama ya ng'ombe iliyoiva polepole ndani ya furu. Baadhi yetu waliandika “nyama ya kuchoma”, wengine “nyama ya kuoka”. Mimi hupika chakula hicho nyumbani karibu kila mwezi, na hakuna jibu kati ya hayo mawili linaloniridhisha.

Tutazame kwanza kitendo chenyewe. Nanunua kilo 2 za bega au kidari, sehemu ambazo kwenye mbabula hubaki ngumu kama kamba. Usiku naipaka nyama chumvi, kitunguu saumu na pilipili. Asubuhi naigeuzageuza katika sufuria yenye mafuta kidogo mpaka ibadilike rangi pande zote, nafunika, natia ndani ya furu kwa digrii 140, kisha naiacha kwa muda wa saa nne hivi. Umeme ukikatika, sufuria inahamia kwenye mbabula yenye makala machache, na mengine nayaweka juu ya kifuniko.

Ugumu wa nyama hiyo unatokana na kolajeni, yaani tishu inayofunga nyuzi za misuli. Joto la ndani ya nyama likipita digrii 70 na kudumu hapo, kolajeni hugeuka polepole kuwa gelatini, na nyama inaachana kwa kijiko. Moto mkali hauiwezi kazi hiyo: huikausha nyama kabla haijalegea.

Sasa turudi kwenye vitenzi. Kuchoma kuna ukali na haraka ndani yake: mwiba huchoma, sindano huchoma, jua huchoma. Kuoka kunakaribia zaidi, na kuna ndugu zake katika lugha za jirani: Kinyarwanda kina kotsa, Kibemba kina ukoca. Lakini ndugu hao pia hukaa karibu na moto wa wazi, na kwa wasemaji wengi wa Kiswahili leo kuoka kumebaki na mkate na keki.

Mtu aliyenisaidia ni kambo wangu. Kwetu Lubumbashi kambo ni mzazi wa mzazi, ingawa katika Kiswahili sanifu baba wa kambo ni mtu mwingine kabisa. Meno yake yamebaki machache. Kwa miaka mingi, kila sikukuu, alikula bukari na mchuzi, akapitishia wajukuu vipande vyake vya nyama huku akisema ameshiba. Sote tulijua kwamba hajashiba. Nyama ya furu anaila mwenyewe, na kipande cha pili anakiomba. Alipoionja mara ya kwanza alisema: “Hii si ya kuchoma, mwana. Hii ni kama viazi vya mu majivu.”

Hakutaja kitenzi, lakini alikieleza, na katika kamusi kipo: kuvumbika. Unavumbika kiazi unapokifukia katika majivu ya moto kiive. Unavumbika ndizi mbichi unapozifunika mahali penye joto ziive. Katika yote mawili mtu hafanyi mengi. Anafunika, anaondoka, na kitu kinaiva chenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya sufuria iliyofunikwa ndani ya furu.

Mtu anaweza kupinga kwamba furu haina majivu. Ni kweli, lakini ndizi nazo huvumbikwa bila majivu. Kiini cha neno ni kufunika, joto la kiasi na subira.

Mara nyingi, tukikosa neno la chombo kipya, tunakimbilia Kifaransa, na furu yenyewe ni ushahidi. Kwa chombo, sina ugomvi. Kwa kitendo, tuwaulize kwanza wazee wanakifananisha na nini. Na kama yupo mwenye neno bora kuliko kuvumbika, alilete nyumbani. Nyama atatukuta nayo.