Krediti Zangu 168

Kwa miaka 3, kila aliyeniuliza habari za chuo nilimjibu neno moja: "Niliacha." Kwetu Kitanga, kwenye vilima vya Kasulu, neno hilo watu walilisikia kama "amedisko". Binti wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu, amerudi na begi, cheti hana: basi kafeli. Lilisemwa kisimani na sokoni, na lilivyorudiwa mwisho nami nikaliamini.

Mambo yalikuwa hivi. Juni 2016 nilikuwa namaliza semista ya 4 ya shahada ya ualimu, katika chuo kimoja mbali na nyumbani. Ada yangu kiasi ilitoka Bodi ya Mikopo, kiasi ilitoka kwenye maharage ya mama. Ikaja simu kwamba mama amepatwa na kiharusi, wamemkimbiza hospitali ya Kabanga. Alitoka hai, ila upande wa kulia ulikuwa umelala. Mimi ndiye kifungua mimba, na nyuma yangu wako 5.

Mwenzangu wa hosteli alinikuta nafunga begi. "Ndugu yangu, usiondoke hivihivi," akasema. "Pita kwa msajili uandike barua ya kuahirisha masomo, na uombe matokeo yako yote." Nilimkasirikia. Mama hawezi hata kushika kijiko, yeye ananipeleka ofisini? Alinishika mkono tukaenda. Ile barua na ile karatasi ya matokeo nilizitia kwenye sanduku la bati la mama, chini ya vitenge vyake, nikazisahau.

Miaka iliyofuata nililima, nikamgeuza mama kitandani asipate vidonda, nikawasomesha wadogo zangu. Nilipopata nafasi nilijitolea kufundisha shule ya msingi. Mwalimu mkuu alikuwa mzee wa maneno machache. Siku moja mwaka 2019 aliniita.

"Binti yangu, unafundisha vizuri. Karatasi yako iko wapi?"

Nikamsimulia yote. Akaniuliza nilifeli kozi ngapi. Nikamwambia nilipata sapu moja, nikairudia nikafaulu.

"Basi hukufeli. Una akiba mahali. Kaidai."

Nilikwenda nyumbani nikafungua lile sanduku.

Chuo cha kwanza nilichokiandikia kilinijibu kwa mistari miwili: niombe upya, nianze mwaka wa kwanza. Karatasi zangu hawakuzifungua. Bado naona ule ulikuwa uonevu, na nausema kwa sababu wengi hupewa jibu kama lile wakaishia hapo. Nami ningeishia hapo kama nisingekumbuka jambo moja. Februari 2016, nikiwa bado chuoni, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilifuta kibali cha kampasi za Songea na Arusha za chuo kikuu kimoja binafsi, na wanafunzi wake wakahamishiwa vyuo vingine. Wakati ule tuliisikia kama habari ya watu wengine. Sasa nikajiuliza: ikiwa masomo ya wale yalihamishika, yangu yanashindikana kwa nini?

Nikapanda basi kwenda Kigoma mjini, kwenye kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha nyumba na kazi zao wakakae kampasi. Mama mmoja wa pale ofisini alizitandaza karatasi zangu mezani, akanieleza kitu ambacho miaka 2 ya chuo hakuna aliyewahi kunieleza. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kukaa darasani, kusoma peke yake, kuandika majaribio, kufanya mtihani. Mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya miaka 3 ni 360. Alama, akasema, zinaonyesha nilifaulu. Hazionyeshi nilisoma nini. Wao walitaka muhtasari wa kila kozi, wenye mada, saa na vitabu, uliogongwa muhuri wa chuo nilikotoka.

Hapo ndipo penye kazi kubwa. Miezi 4 nilipiga simu na kuandika barua. Ofisi moja ilinituma kwa nyingine, mkuu wa idara alikuwa amehama, muhtasari wa kozi moja haukuonekana kabisa. Yule yule mwenzangu wa hosteli, ambaye sasa alikuwa anafanya kazi mjini kule, ndiye aliyekwenda mlango kwa mlango mpaka bahasha ikatumwa.

Walilinganisha mada kwa mada. Stadi za mawasiliano zilipita, saikolojia ya elimu ilipita, historia ya Afrika Mashariki ilipita. Kozi nyingine hazikuwa na inayofanana nazo katika programu yao. Kati ya krediti 240 walipokea 168. Zile 72 ziliniuma, lakini sikuwalaumu, maana walisoma kwanza ndipo wakakataa, na kwa kila kozi waliandika sababu.

Jioni ile nilikaa kando ya mama nikapiga hesabu kwa sauti. Krediti 168 mara saa 10 ni saa 1,680. Nikamwambia, mama, saa zile zote wamezikubali. Ulimi wake ulikuwa bado mzito. Alikaa kimya muda, kisha akauliza: "Kwa hiyo maharage yangu hayakuoza?"

Nilishindwa kumjibu kwa kulia.

Krediti 192 zilizobaki nilizisomea Kitanga, usiku, mama akiwa chumba cha pili. Nilihitimu mwaka 2022. Leo nafundisha historia na Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Kibondo, na neno "niliacha" nimelitupa.

Wilaya yetu ya Kasulu ina kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996. Wamo waliokuwa mwaka wa pili au wa tatu wa chuo kikuu huko Kongo na Burundi, wakakimbia bila karatasi yoyote. Mimi nilikuwa na sanduku la bati, wao hawana. Mkataba wa dunia wa UNESCO kuhusu kutambua masomo ya elimu ya juu, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Machi 2023, unataka wakimbizi wapimwe elimu yao hata kama vyeti havijakamilika, na masomo ya nusu njia nayo yatambuliwe. Vyuo vyetu viuchukulie kwa uzito.

Na wewe unayesoma, ikiwa ugonjwa, msiba au ada vinakutoa chuoni, usiondoke kimyakimya. Andika barua ya kuahirisha, chukua matokeo, na chukua muhtasari wa kila kozi uliogongwa muhuri, siku hiyohiyo, ukiwa bado unajua mlango wa kila ofisi. Kama uliondoka zamani bila hivyo, vifuate sasa. Ukiambiwa uanze mwaka wa kwanza, waombe wafungue karatasi zako kwanza.