Mwendo wa Baba

Babangu ana sekunde 19. Picha zake za kusimama zipo, tena si haba: ya kitambulisho, moja akiwa ameegemea lori nje ya bandari, na zile za studio ambako kila mtu alisimamishwa mbele ya pazia lenye maua akakaza shingo. Lakini baba anayetembea, anayecheka, anayegeuza kichwa akiitwa, yuko mahali pamoja tu duniani: ndani ya kanda ya VHS ya harusi ya shangazi, Kaloleni, Desemba 1996. Anaingia upande wa kushoto akiwa na kreti ya soda begani, anamjibu mtu ambaye haonekani, anacheka, anapiga hatua mbili za kucheza bila kuiteremsha kreti, kisha anatokea kulia. Basi. Alifariki miaka miwili baadaye, mimi nikiwa na miaka 3. Sina kumbukumbu yake hata moja ambayo ni yangu mwenyewe.

Ndiyo maana leo najua habari za ukungu wa picha kwenye televisheni kuliko inavyomfaa mtu asiyeuza televisheni.

Kakangu ndiye aliyeanzisha safari hii, kwa nia njema. Deki ya nyumbani ilikufa zamani, na kanda yenyewe ilikuwa imelala kwenye kabati la Mama ndani ya mkoba wa plastiki. Akaichukua hadi Nairobi, akaipeleka kwa duka moja la kuhamisha kanda, akarudi nayo Krismasi pamoja na flashi. Fundi wa huko alimwambia, "Boss, hii sasa ni HD, itakaa fiti kwa TV yoyote." Na TV mpya kaka akamletea Mama vilevile, ya inchi 50.

Tukakaa. Bibi harusi akiwa amesimama alikuwa safi kabisa, hata shanga ungezihesabu. Akianza kutembea tu, anageuka moshi. Wachezaji ngoma walikuwa wingu la vitambaa. Baba alipoingia na kreti yake alikuwa na miguu minne, na nyuma ya kichwa chake kulikuwa na kichwa kingine, chepesi, kinamfuata.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. "Macho yangu yamekwisha," akasema.

Kaka akashika rimoti, akazama kwenye menyu, akapata mahali palipoahidi mwendo laini zaidi. Akapandisha hadi mwisho. Kweli moshi ukapungua. Lakini Baba sasa hakuwa anatembea; alikuwa anateleza, sawasawa, kama mtu aliyebebwa na maji. Mama akatazama mara moja tu. "Huyu siye," akasema. "Babenu hakuwa na mwendo huu. Huyu mmemtia magurudumu." Akainuka akaenda kuangalia wali jikoni, na wali haukuwa na shida yoyote.

Kwa kaka hiyo ilikuwa shida ya mashine. Kwangu haikuwa hivyo. Baba niliye naye ni huyo wa sekunde 19, na mtu pekee mwenye mamlaka ya kusema ndiye au siye alikuwa amekwisha kusema.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba ukungu huu ni kama homa: dalili ni moja, magonjwa ni mengi. Na kuna kipimo kimoja rahisi kinachotenga nusu ya magonjwa hayo na nusu nyingine. Simamisha picha. Bonyeza pozi mtu akiwa katikati ya hatua. Kama picha iliyosimama ni safi, na ukungu unatokea tu ikianza kwenda, basi kosa liko kwenye televisheni. Kama picha iliyosimama yenyewe ina moshi, kosa limo ndani ya faili au kwenye kanda, na hata ukinunua TV ya bei ya gari hutabadilisha kitu.

Nilimsimamisha Baba. Miguu minne.

Hapo inabidi turudi kwa namna picha zilivyokuwa zikirekodiwa. Kenya tulifuata mfumo wa PAL: picha ya laini 625, ambazo 576 ndizo zinazobeba picha yenyewe, na picha nzima 25 kwa kila sekunde. Lakini kamera haikuichukua picha nzima kwa mkupuo mmoja. Ilichukua kwanza laini za witiri, 1, 3, 5, kisha sehemu ya 50 ya sekunde baadaye ikachukua laini za shufwa, 2, 4, 6. Nusu-picha 50 kwa sekunde, zilizosukwa mbili mbili kama ukili. Kwa hiyo kila "picha" ya kanda ile kwa kweli ni nyakati mbili. Mtu akisimama, nyakati hizo zinafanana na picha inatulia. Mtu akitembea, mguu uko hapa kwenye laini za witiri, na umeshasogea kwenye laini za shufwa.

Televisheni zetu za kisogo hazikuwa na tatizo na jambo hilo, kwa sababu zilichora vivyo hivyo: witiri kwanza, shufwa baadaye. Televisheni za leo huonyesha laini zote kwa pamoja, kwa hiyo ni lazima mtu au mashine afumue ule msuko. Asipofumua, kingo za kitu kinachokwenda zinakuwa na meno kama chanuo. Njia nzuri ya kufumua ni kuzitenga zile nusu 50, kujaza laini zinazokosekana katika kila moja, na kupata picha kamili 50 kwa sekunde. Njia ya mkato ni kuzichanganya nusu mbili ziwe moja. Chanuo linapotea, na mahali pake unapata miguu minne.

Duka lile lilichukua njia ya mkato. Tena saa mbili za harusi zilibanwa zikatoshea kwenye faili ya GB 1, na programu inayobana video, ikiishiwa nafasi, huonekana vibaya zaidi palipo na mwendo mwingi. Kilichoniuma ni kwamba nyakati zikishachanganywa hivyo huwezi tena kuzitenga kwa uhakika. Ni chai iliyokwisha kutiwa maziwa. Hiyo "HD" ilikuwa chai ileile kwenye kikombe kikubwa.

Kumbe Mama alikuwa sahihi kwa mengine pia. Yeye amekuwa akisema tangu mwanzo kwamba kwenye TV ya zamani Baba alionekana vizuri, na sisi tukamjibu kwa ule upole wa kumnyamazisha mzee. TV ya kisogo iliwasha kila sehemu ya picha kwa muda mfupi sana, kisha ikazimika ikingoja zamu nyingine. Bapa la leo huishikilia picha hadi inayofuata ifike. Sasa jicho la mtu halikai mahali pamoja, linamfuata anayetembea. Jicho linasonga, picha imesimama, na tofauti hiyo inapakaa kwenye mboni kama rangi mbichi iliyopitishwa kidole.

Hesabu yake si ngumu. TV ya inchi 50 ina upana wa karibu sentimita 110. Mtu akiivuka kwa sekunde 2, anakwenda sentimita 55 kwa sekunde. Picha ikishikiliwa kwa sehemu ya 50 ya sekunde, mpako ni zaidi kidogo ya sentimita 1. Ikishikiliwa kwa sehemu ya 25, ni zaidi ya sentimita 2. Kwenye uso wa mtu mwenye kichwa cha sentimita 6 pale kiooni, hiyo ni theluthi nzima ya kichwa. Macho ya Mama hayakuwa yamekwisha. Nilimwambia hivyo siku hiyohiyo, na akauliza mara mbili kama nina uhakika.

Na yale magurudumu? Huo ndio ujanja wa kulainisha mwendo. Televisheni inatazama picha mbili zinazofuatana, inakisia kitu kimetoka wapi kwenda wapi, na inatunga picha za katikati ambazo hakuna kamera iliyozichukua. Kwa mpira wa miguu watu wengi hawalalamiki. Kwa filamu, ugomvi umekuwa mkubwa kiasi kwamba Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi kuwaomba watazamaji waizime. Kila kampuni imeipa jina lake kwenye menyu, kwa hiyo tafuta neno lolote lenye mwendo au ulaini, uzime, halafu utazame tena. Mara nyingi inarudi yenyewe ukibadilisha aina ya picha, au ukichomeka kifaa kwenye tundu jingine, kwa maana kila tundu linaweza kuwa na mipangilio yake. Zipo TV zinazoweza kupachika giza kidogo kati ya picha ili ziige zile za kisogo. Mwendo unakuwa mkali zaidi, ila picha inafifia na wengine inawaumiza kichwa. Mama aliikataa.

Basi kulikuwa hakuna budi kurudi kwenye kanda. Nilimpata fundi mmoja mzee Mombasa mwenye deki mbili zinazofanya kazi. Alizisafisha hedi, akaipeleka kanda mbele hadi mwisho na kuirudisha yote kabla ya kuicheza, maana kanda iliyolala miaka hushikana. Nikamwomba jambo moja: asifumue chochote. Anipe msuko kama ulivyo, laini 576, bila kukuza wala kubana sana. Akanitazama. "Wewe ndiye wa kwanza kuniomba kazi kidogo," akasema.

Kufumua nilifanya mwenyewe kwenye kompyuta, nikatoa picha 50 kwa sekunde. Asiye na haja ya kwenda mbali hivyo anaweza kuicheza faili yenye msuko kwa VLC, ambayo hufumua papo hapo. Kitu kimoja cha kuangalia ni mpangilio: nusu ipi ilitangulia, witiri au shufwa. Ukikosea hapo, watu wanatetemeka, hatua mbele, hatua nyuma.

Tuliitazama Pasaka. Ulaini nimeuzima. Kichwa kimoja, miguu miwili. Na mguu wa kushoto, jambo ambalo halikuwahi kuonekana kwenye ule moshi, unachelewa. Kidogo tu. Anaukokota nusu hatua, anaufidia kwa bega lenye kreti, na zile hatua mbili za kucheza ni hatua moja na uwongo wa moja.

"Huyo," Mama akasema.

Ndipo alipotueleza kwamba Baba aliangukiwa na gunia bandarini mwaka mmoja kabla ya harusi ile, na kwamba aliwakataza wote wasiseme, kwa sababu anayechechemea haitwi kazini kesho yake. Miaka yote Mama aliibeba siri ya mtu ambaye hakuwa na tena kazi ya kupoteza. Hakuwa ameamua kutuficha. Hakukuwa na mahali pa kuianzia, alisema.

Ukungu haukuisha wote. Anapopunga mkono wa kulia kumjibu yule asiyeonekana, vidole vinayeyuka. Huo umo kwenye kanda yenyewe: jua lilikuwa linatua, kamera ilihitaji mwanga, na mkono ulikwenda kasi kuliko jicho la kamera lilivyoweza kufumba. Kaka alisema siku hizi kuna programu za kompyuta zinazoweza kuvitengeneza vidole hivyo vikawa vikali. Zinaweza. Lakini zitakuwa zimetunga vidole vya mtu, na kwetu tumekwisha kuona mtu akitungwa. Mama akasema acha.

Nimeweka nakala tatu, moja kwa kila nyumba, na kanda imerudi kabatini, imesimamishwa wima, mbali na ukuta wenye unyevu. Mtoto wa kaka, mwenye miaka 5, ameiona mara nyingi kuliko sisi sote. Siku hizi anabeba mto begani akivuka sebule, mguu wa kushoto anaukokota. Mama humkemea asichekelee wazee, kisha hugeuka upande wa jikoni na kucheka peke yake.