Toa Kwanza

Sheria ya kwanza ya kuzamia kwa mtungi ni fupi: usizuie pumzi. Sababu yake ni presha. Juu ya maji tunabeba uzito wa hewa ya anga peke yake. Ukishuka mita 10 presha inakuwa mara mbili, mita 20 mara tatu, na hewa unayovuta mtungini inakujia ikiwa imebanwa kiasi hicho hicho. Ukipanda kutoka mita 10 huku umefunga koo, hewa iliyomo kifuani hutaka kutanuka mara mbili, na mapafu hayana nafasi hiyo. Yanaweza kupasuka. Kwa hiyo mzamiaji hupumua wakati wote, polepole, hata anapoogopa. Hasa anapoogopa.

Haya nilijifunza Mafia nikiwa kijana, kabla ya chuo cha theolojia. Nilikuwa nikibeba mitungi kwenye boti ya watafiti waliokuja kuhesabu matumbawe, maana joto la bahari la mwaka 1998 lilikuwa limeua mengi upande huu wa Bahari ya Hindi. Mikono ilipungua chini ya maji, wakanifundisha. Mara ya mwisho nilizamia mwaka 2008. Kisha vikafuata chuo, ndoa na sharika mbili za bara.

Mwaka 2021 nililazwa kwa kile tulichokiita wakati ule changamoto ya upumuaji. Siku 11, mpira wa oksijeni puani. Kitanda cha jirani alilala mzee wa kanisa wa usharika wetu. Yeye alizikwa nikiwa bado wodini. Nilipopona, watu walinipokea kwa vigelegele, wakatoa sadaka ya shukrani, nami nikashukuru pamoja nao kwa moyo wote. Lakini swali lilibaki. Yule aliyempulizia Adamu pumzi ya uhai, mbona katika chumba kile alimwachia mmoja tu pumzi yake? Swali hilo nililibeba miaka mitatu, na kila nilipoingia mahali pa kubana, hata lifti, kifua kilianza kunihesabia pumzi.

Mke wangu ndiye aliyeniambia nirudi baharini. Daktari alinipiga picha ya kifua, akanipulizisha kwenye mashine ya kupima mapafu, akaniruhusu. Nikafunga safari kwenda Mafia.

Aliyeniongoza ni kijana wa kisiwani, Mwislamu, umri wa vijana ninaowafundisha kipaimara miaka michache tu iliyopita. Alinipa shikamoo, kisha akanikagua vifaa bila kunionea haya. Mtu aliyekaa muda mrefu bila kuzamia huanzia maji mafupi, kwa hiyo tulipiga magoti kwenye mchanga, mita 3 tu, ndani ya Ghuba ya Chole. Zoezi lilikuwa kuingiza maji kwenye miwani na kuyatoa kwa kupuliza kwa pua. Maji yalipogusa pua, nikarudi wodini. Nikavuta hewa, nikavuta tena, na kadiri nilivyovuta ndivyo ilivyozidi kunipungukia. Nikainua kidole gumba, ambacho kwetu ni “safi”, lakini chini ya maji maana yake “tupande”. Tukapanda.

“Mchungaji,” aliniambia tukiwa tumeshika ubavu wa boti, “hewa unayo tele. Mtungi umejaa, na wewe umejaa. Toa kwanza.”

Ni kweli kabisa. Ile kiu ya hewa kwa kawaida haisababishwi na uhaba wa oksijeni. Ni kabonidayoksaidi iliyorundikana kwa sababu mtu anavuta pumzi fupi fupi juu ya pumzi asiyoitoa yote.

Chuoni tulifundishwa kwamba neno la Kiebrania ruach ni upepo, ni pumzi, ni roho. Nimelieleza mara nyingi mimbarani, na sikumbuki kama niliwahi kusema lolote juu ya pumzi inayotoka. Zaburi zinajua. Sehemu kubwa ya kitabu kile ni vilio na malalamiko, watu wanamuuliza Mungu waziwazi amekwenda wapi. Sisi katika ibada tunapenda kukimbilia ushuhuda wa shukrani. Mjane akisimama kulalamika, nadhani kwaya ingeanza kuimba kabla hajamaliza.

Tulishuka tena. Mita 3, kisha 6, kisha 12, pale rangi nyekundu inapofifia na kidonda kidogo kidoleni kinaonekana cheusi. Huko, mdomo ukiwa umeziba, nilimuuliza Mungu lile swali kwa jina la yule mzee. Nililitoa pamoja na mapovu, pumzi baada ya pumzi, bila kulipamba. Sikusikia jibu. Kasa mmoja alikuwa akila majani ya bahari, akatutazama, akaendelea kula. Kifua kilikuwa kimetulia. Wakati wa kupanda tulisimama mita 5 kwa dakika 3, kama ilivyo desturi, na mtungi ulikuwa bado na hewa kuliko nilivyotegemea.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwa mjane wa yule mzee. Nimesali naye mara nyingi tangu msiba. Safari hii, kabla ya sala, nilimwomba anisimulie juu ya mumewe, na kama ana neno la kumwambia Mungu, aliseme hata kama ni kali. Akanyamaza kidogo, akasogeza kikombe, akaanza. Alizungumza mpaka chai ikapoa, na kulikuwa na mambo ndani yake ambayo hayamo katika kitabu chetu cha ibada.