Kikombe cha Alfajiri: Kutoka Kahawa Kuelekea Chai



Wapendwa wasomaji, juma hili hatuandiki juu ya jambo kubwa. Tunaandika juu ya kikombe. Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, baadhi yenu mlituuliza kwa nini tuliikataa kahawa mliyotuandalia, nasi tukajibu kwa haraka kwamba ni agizo la daktari. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila halikuwa kamili. Sehemu iliyobaki tunaileta hapa, kwa kuwa mmoja wenu aliumizwa kwa sababu ya jambo hili, naye ametupa ruhusa tulisimulie bila kumtaja jina.

Tumekuwa wanywaji wa kahawa tangu siku za seminari. Tulianza kwa kikombe kimoja wakati wa mitihani, kikawa viwili, na tulipofika katika parokia hii ya mlimani vikawa sita kwa siku. Mnajua kwamba Kanisa linatutaka tujinyime chakula na kinywaji, isipokuwa maji na dawa, kwa muda wa saa moja kabla ya Komunyo. Basi ili tusiivunje kanuni hiyo, tulikuwa tunaamka saa kumi na nusu alfajiri, tunywe kahawa yetu kwa utulivu, kisha tuingie kanisani kwa Misa ya saa kumi na mbili. Waumini waliokuwa wakiona taa ya nyumba ya mapadre ikiwaka mapema vile walisema kwamba Baba Paroko ni mtu wa sala. Hatukuwahi kuwasahihisha. Leo tunakiri kwamba aliyetuamsha alikuwa birika.

Tena kahawa hiyo ilikuwa ya nyumbani. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliipanda mibuni Kilema, nayo ikaenea katika vihamba vya Kilimanjaro chini ya kivuli cha migomba. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa kile tunachokijua kwa jina la KNCU. Wengi wenu mlisomeshwa kwa fedha za buni. Mabati ya makanisa mengi ya mlimani yalinunuliwa kwa fedha hizo hizo. Paroko anayeiacha kahawa mahali kama hapa huonekana kama mgeni anayekisukuma chakula cha mwenyeji wake.

Hata hivyo mwili ulikwisha kusema. Usiku moyo ulikuwa unakwenda mbio, kiungulia hakikwisha, na usingizi ulitukimbia hadi jogoo wa kwanza. Daktari alituuliza hesabu ya vikombe, akaandika, kisha akatufanyia hesabu yake. Kikombe cha kahawa cha mililita 240 huwa na wastani wa miligramu 95 za kafeini. Vikombe sita vinakaribia miligramu 570, ilhali wataalamu wanashauri mtu mzima mwenye afya asivuke miligramu 400 kwa siku. Akatuambia pia kwamba baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini. Tukinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake ingali inafanya kazi. Hapo tulielewa kwa nini tulikuwa tunasali Sala ya Usiku tukiwa macho makavu.

Daktari alitushauri tupunguze kidogo kidogo, kikombe kimoja kila baada ya siku chache. Sisi, kwa kiburi cha mtu aliyezoea kuwahubiria wengine juu ya kujinyima, tukaacha siku hiyo hiyo.

Wenye ujuzi wanasema kwamba anayeacha kafeini ghafla huanza kuumwa kichwa baada ya saa 12 hadi 24, maumivu hufikia kilele siku ya kwanza au ya pili, na hali hiyo yaweza kudumu hadi siku tisa. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Asubuhi ya pili kichwa kilikuwa kama kimefungwa kamba. Ndipo alipokuja ofisini bibi mmoja mjane, aliyetembea kwa miguu kutoka kigango cha juu, akitaka kuandikisha Misa ya kumwombea marehemu mume wake. Alikuwa hakumbuki tarehe sawasawa. Alianza kueleza juu ya mvua ya mwaka ule, juu ya mazishi, juu ya mtoto aliyekuwa Dar es Salaam siku hiyo. Tukamkatiza. Tulimwambia kwa sauti isiyofaa kwamba ofisi si mahali pa hadithi, aende akaikumbuke tarehe kwanza ndipo arudi. Bibi akasema, "Haya Baba, Tumsifu Yesu Kristo," akainuka, akatoka. Tulimwona kupitia dirishani akisimama chini ya mti kwa muda mrefu kabla ya kuanza kuupanda mlima.

Wapendwa, kwa miaka mingi mmekuwa mkitusifu kwa uvumilivu. Siku ile tulijiuliza ni kiasi gani cha uvumilivu huo kilikuwa chetu, na ni kiasi gani kilichemshwa kila alfajiri. Swali hilo hatujalimaliza. Kosa tulilifanya sisi, hatulitupii kichwa kilichokuwa kikiuma, kwa maana wapo kati yenu wanaoumwa kila siku na bado wanawajibu watu kwa upole. Lakini tulijifunza kwamba mtu anaweza kukiegemea kitu kwa muda mrefu hadi akadhani kuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe.

Siku ya tano, kichwa kilipopoa kidogo, tulipanda hadi kwa bibi. Tulimkuta kihambani akikusanya majani ya kulisha ng'ombe. Tukamwamkia, "Shikamoo Bibi." Akaitika, "Marahaba Baba, karibu, pita ndani." Tulimwomba msamaha tukiwa bado tumesimama. Hakusema kwamba si kitu. Alisema, "Baba, siku ile nilirudi nikilia. Lakini umekuja. Kaa basi, tunywe chai." Tukakaa, na tarehe ya marehemu tukaitafuta pamoja, kwa mvua ile na mazishi yale, hadi tukaipata.

Chai ya bibi ndiyo iliyotufundisha kwamba kuacha kahawa si kazi iliyokamilika, kwani lazima mtu achague atachemsha nini badala yake. Kwanza alitwanga kipande cha tangawizi kwenye kinu kidogo, akakichemsha ndani ya maji peke yake kwa dakika kama kumi. Ndipo akatia majani ya chai, akaepua sufuria mara moja, akaifunika. Baada ya dakika chache akachuja. Tulizoea kuona jikoni kwetu majani yakitokota hadi maji yawe meusi kama dawa ya kale, tukamuuliza kwa nini hakufanya hivyo. Akacheka. "Ukiyatesa yanakuwa machungu, Baba." Alikuwa sahihi. Yanapochemka kwa muda mrefu, majani hutoa tanini nyingi, na hiyo ndiyo huleta ule uchungu unaokausha ulimi.

Tangu siku hiyo tumejipangia utaratibu mpya, nao tunaueleza kwa faida ya walio na shida kama yetu.

Asubuhi tunakunywa chai ya rangi. Kikombe cha kiasi kile kile huwa na wastani wa miligramu 47 za kafeini, yaani karibu nusu ya kahawa, kwa hiyo kinatuamsha bila kutukimbiza. Majani yake hutoka nchini mwetu, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani waliijaribu chai huko Amani mwanzoni mwa karne ya 20, na katika Mufindi, Njombe na Rungwe. Chai ya rangi na ile ya kijani hutokana na mmea mmoja. Tofauti ni kwamba majani ya chai ya rangi husagwa au kusokotwa na kuachwa yageuke rangi kwa hewa kabla ya kukaushwa, ilhali ya kijani hupashwa moto mapema ili yasigeuke. Anayependa ya kijani asiimwagie maji yanayotokota. Ayaache yapoe kidogo, ama sivyo atapata uchungu mtupu.

Saa nne, wageni wanapofika ofisini, tunapika chai ya maziwa yenye iliki au mdalasini. Hii ni chai ya kukaa na watu. Ibrahimu aliwakimbilia wageni watatu wakati wa hari akawaandalia alivyokuwa navyo. Nasi tunaona kwamba mtu aliyeshika kikombe cha moto hulieleza tatizo lake taratibu zaidi, na anayemsikiliza naye hulazimika kungoja.

Jioni hatugusi majani ya chai kabisa. Tunachemsha mchaichai, ambao hauna kafeini hata kidogo. Harufu yake hujaa nyumba nzima, na usingizi umeanza kurudi. Siku nyingine tunatumia tangawizi peke yake yenye ndimu, au maua makavu ya rozela, ambayo hutoa maji mekundu yenye ukali wa kupendeza.

Hata hivyo chai nayo ina masharti yake, na tungekuwa tunawadanganya kama tungeyaficha. La kwanza ni sukari. Kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu nne. Tukizitembelea familia nne kwa siku, na kila nyumba ikatutilia vijiko vitatu, tumekwisha kunywa gramu 48, wakati Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku nzima kwa mtu mzima, pamoja na iliyomo katika soda na vyakula vingine. Tunawaomba akina mama wa jumuiya ndogo ndogo mtuletee sukari pembeni. Hatuudharau ukarimu wenu kwa kusema hivyo.

La pili ni wakati wa kunywa. Tanini za chai huuzuia mwili kuyapata vizuri madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Kwa hiyo mama mjamzito, na yeyote aliyeambiwa kwamba damu yake ni kidogo, asinywe chai pamoja na chakula. Angoje walau saa moja. La tatu ni moto. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, huenda vikachangia saratani ya koo la chakula. Walisema jambo hilo juu ya moto wenyewe, bila kujali kama kinywaji ni chai, kahawa au maji matupu. Wazee wetu wanaojivunia kuimeza chai ikitoka jikoni moja kwa moja wapunguze haraka.

Wataalamu hao hao, mwaka ule ule, walieleza kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha wa kusema kahawa huleta saratani. Tunalitaja hili ili wakulima wetu wasidhani kwamba paroko wao ameigeuka mibuni yao. Kuna hadithi ya kale, isiyo na ushahidi wa kutosha, kwamba Papa Klementi VIII aliombwa aipige kahawa marufuku, naye alipoionja akaipenda, akakataa. Iwe kweli au sivyo, sisi hatuilaani. Wengi wanaweza kunywa vikombe viwili kwa siku na kulala vizuri, nao waendelee kwa shukrani. Ni sisi tuliokuwa tumeshindwa kuishika kwa kiasi. Tena wanaoikuza kahawa hii wengi huiuza yote ughaibuni, wao wakanunua majani ya chai dukani. Wenye nafasi wangebakiza kilo moja ya nyumbani ili watoto waijue ladha ya jasho la babu zao.

Juma lililopita bibi alitutumia kwa mjukuu wake shina la mchaichai lenye mizizi, limefungwa kwa jani la mgomba. Tumelipanda nyuma ya nyumba ya mapadre, karibu na mibuni miwili iliyoachwa na mtangulizi wetu. Saa ya kuamka bado ni ile ile, saa kumi na nusu. Siku nyingine tunakwenda kanisani moja kwa moja, siku nyingine tunasinzia kitini. Wale mnaoiona taa yetu msitusifu bado. Mtuombee.

Na yule ambaye tulimjibu vibaya katika siku zile tisa, nasi hatukumjua, aje ofisini. Chai ipo, na hadithi yake tutaisikiliza hadi mwisho.

Tunawatakia juma jema. Mungu awabariki nyote.