Mpira futi 10, aibu futi 30!

Wiki hii nawapeleka majuu, lakini msivae suti. Vaeni glovu, maana habari yenyewe ni ya choo.

Oktoba 2023 nilimsindikiza mama mkubwa kwenda Marekani kumwona mwanaye, yaani bro wangu anayeishi Dallas, Texas. Bro alikuwa ametuandalia gari-nyumba la mtumba, yale ambayo wenyewe wanayaita RV. Ndani kuna vitanda, jiko, friji, bafu na choo. Mpango ulikuwa tulale Amarillo, tukamate barabara kuu namba 40 kuelekea magharibi, tukatize New Mexico mpaka Arizona, tukalione lile korongo maarufu la Grand Canyon. Nikasema hapa ndipo penyewe!

Sasa jiulize: ukijisaidia kwenye gari linalotembea, mzigo unakwenda wapi? Chini ya gari kuna matenki. Moja wanaliita jeusi, hilo ni la chooni. Lingine wanaliita la kijivu, ni la maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Kwenye kambi zenye huduma kamili, kila gari linapewa uwanja wake wenye umeme, bomba la maji na shimo la majitaka. Unachomeka mpira mpana wa inchi 3, upande mmoja kwenye gari, upande wa pili shimoni, unafungua koki, mzigo unateremka wenyewe. Hakuna mashine ya kunyonya kama kwenye yale magari yetu ya majitaka. Ni mteremko tu.

Ubishi ulianza hata kabla hatujaondoka Dallas. Mpira uliokuja na gari ulikuwa wa futi 10, yaani mita 3 hivi. Nikauliza kama unatosha. Bro akanicheka. "Acha woga, shimo liko pale pale pembeni ya gari. Tukijaza mipira, jiko la mkaa la nyama choma tutaliweka wapi?" Kweli boksi la ubavuni lilikuwa dogo. Nyama choma ikashinda.

Amarillo tuliingia jioni, upepo unavuma kama unadai deni. Tenki jeusi lilikuwa karibu linajaa, maana kule Dallas tulishalala humo siku 4 kwa ushamba wa kulizoea gari. Bro akavaa glovu, akatandaza mpira. Wapi! Ukaishia njiani, futi 6 kabla ya shimo. Tundu la gari lilikuwa upande wa kushoto nyuma, na shimo la uwanja wetu lilichimbwa mbele. Tukisogeza gari, pua inatokeza barabarani.

Akaenda kuazima kwa jirani, mzee mmoja mstaafu ambaye yeye na mkewe wanaishi kwenye gari lao miaka nenda rudi. Mzee alitupa viti, akatupa na kahawa. Mpira hakutupa. Nami namuunga mkono: kuna vitu viwili haviazimwi duniani, mswaki na mpira wa majitaka. Badala yake akatupa darasa. Pale kwenye vituo vya kumwagia, alisema, unapaki tundu lako karibu kabisa na shimo, futi 10 zinakutosha na chenji inabaki. Lakini kambini shimo huchagui wewe. Kwa hiyo usipime mpira wako kwa kambi nzuri uliyowahi kulala, upime kwa mbaya utakayoikuta.

Usiku ule choo cha ndani kilipigwa marufuku. Sasa mama mkubwa ana kisukari, usiku hatulii. Choo cha kambi kilikuwa mwisho kabisa wa uwanja. Nilimsindikiza mara 3, mimi na tochi, yeye ameng'ang'ania khanga isipeperuke. Mara ya tatu akasimama mlangoni pa gari, akasema taratibu, "Wanangu, nimepanda ndege mchana kutwa na usiku kucha, nije huku kwenda chooni kwa tochi?"

Bro alikuwa macho. Pande la mtu lile, halikujibu neno.

Asubuhi tukatafuta kituo cha kumwagia, tukafungua jeusi kwanza, kisha la kijivu ili maji ya sabuni yasuuze mpira. Halafu moja kwa moja dukani. Tukanunua futi 20, vipande viwili vya futi 10, vinaungana kwa kunasa na kuzungusha kama balbu ya pini. Jumla futi 30. Boksi likagoma kufunga. Bro akalitoa jiko la mkaa mwenyewe, akarudi kumpa yule mzee.

Nje ya mji tukayaona yale magari 10 ya Cadillac yaliyozikwa pua chini shambani tangu 1974, watu wanayapulizia rangi. Mama akasema hawa Wazungu wana hela za kuchezea.

Grand Canyon tulifikia kambi ya Trailer Village, ukingo wa kusini, juu ya mita 2,000. Baridi si mchezo! Bro kwa kiherehere akaunga vipande vyote vitatu. Mpira ukajikunja kama chatu aliyeshiba, maji yakatuama tumboni. Kumbe mrefu mno nao ni tatizo, unahitaji uteremke bila kulegea. Tukatoa kipande kimoja, tukainua kwa vile vijingazi vya plastiki, ukamwaga safi. Zilihitajika futi 20 tu. Zile 10 zikarudi kwenye boksi kulinda heshima.

Korongo lenyewe nimelisimulia nikachoka: kina kama kilometa 1.6, urefu kilometa 446, mto Colorado unaonekana chini kama uzi. Lakini kilichomfurahisha mama ni kwamba usiku ule choo kilikuwa hatua 4 kutoka kitandani.

Niliporudi Dar nililiona gari la majitaka limekwama mdomoni mwa uchochoro, mpira umeishia kwa jirani. Hapo ndipo wanapoitwa wale vijana tunaowaita vyura, waingie shimoni na ndoo. Zamani ningeziba pua nipite. Safari hii nilisimama, nikahesabu futi zilizopungua.

Basi ukialikwa majuu kwenye gari-nyumba, usiulize kama lina TV. Uliza mpira una futi ngapi. Tukutane wiki ijayo!