Yai, Nguo Mpya na Mshumaa wa Pasaka

Ukiingia katika duka kubwa jijini siku hizi za Pasaka, utakuta mayai ya chokoleti yaliyofungwa kwa karatasi za kumetameta, na kando yake sungura wa chokoleti amekaa kama mwenye mji. Mwanao akikuuliza sungura na Yesu wana uhusiano gani, usihangaike. Sungura huyo ni wa Wajerumani, nao walikuwa wakimzungumzia tangu karne ya 17. Katika Injili hayumo.

Yai ni habari nyingine. Zamani Wakristo walikatazwa kula mayai wakati wa Kwaresima. Kuku hawakuwa na habari ya mfungo, wakaendelea kutaga. Pasaka ikifika, kila jiko lilikuwa na mayai ya kuchemsha na kugawa. Wakristo wa Kiothodoksi huyapaka rangi nyekundu kwa ajili ya damu ya Kristo. Ganda ni kaburi, kifaranga ni uhai unaolipasua kutoka ndani. Mtoto wa kwetu Amukura aliyewahi kumwona kuku akiatamia hahitaji kufafanuliwa zaidi. Nilipomlalamikia katekista mmoja kwamba yai la chokoleti ni tupu ndani, alicheka akasema, “Hata kaburi lilikutwa tupu!”

Huku kwetu Busia, Pasaka huja pamoja na mvua za masika, watu wangali na matope ya shamba miguuni. Ni siku ya wageni. Wa Nairobi hushuka na mizigo, na wengine huvuka mpaka kutoka upande wa Tororo, maana sisi Wateso tuko pande zote mbili. Chungu cha ajono huwekwa katikati, wazee wakakizunguka na mirija yao mirefu. Na watoto, je? Wao wanataka nguo mpya.

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosana. Nimeona mume na mke wakinuniana Ijumaa Kuu nzima kwa sababu ya viatu vya mtoto. Lakini desturi hiyo haikuanza kwa fahari. Katika kanisa la kale, waliobatizwa usiku wa Pasaka walivishwa kanzu nyeupe, wakazivaa juma zima. Maana ilikuwa kwamba mtu amevua maisha ya zamani. Kwa maoni yangu, shati la mwaka jana lililofuliwa likatakata linatosha kabisa, na karo ya muhula ujao itabaki salama.

Ila kuna jambo ambalo wengi wetu tunaotoka mjini hulikosa, kwa kuwa tunafika tumechoka na kulala. Ni mkesha wa Jumamosi. Katika misheni ya Kikatoliki ya Amukura, iliyo katika Dayosisi ya Bungoma, kama katika parokia nyingine zote za Kikatoliki, taa huzimwa na moto huwashwa nje. Padri huchora msalaba kwenye mshumaa mkubwa, pamoja na Alfa na Omega, herufi ya kwanza na ya mwisho ya Kigiriki, kisha tarakimu nne za mwaka. Chembe tano za ubani huchomekwa humo, nazo ni majeraha matano ya Yesu. Mshumaa huo huingizwa kanisani gizani, na kila mtu huwasha wake mdogo kwa moto wake, jirani akimpa jirani.

Hauishii hapo. Mshumaa huo hutumika mwaka mzima: mtoto akibatizwa, wake huwashwa kutoka kwa huo, na mtu akifa, huwekwa kando ya jeneza.

Baba yangu alikesha usiku kama huo, Aprili, mshumaa wake mdogo umekingwa kwa kiganja usizimwe na upepo. Novemba ya mwaka uo huo tulimzika. Padri alikuja na ule mshumaa mkubwa, ambao sasa ulikuwa umepungua karibu nusu, akausimamisha uani karibu na kichwa chake. Nilisoma tarakimu zilizokuwa juu yake. Zilikuwa zile zile.